Mfungwa wa Maharamia wa Kamalondo

Bahari sijaiona mpaka leo, na kwa magoti haya sitaiona tena. Lakini nguo za maharamia nilizishona mwenyewe kwa cherehani ya miguu, ndani ya nyumba yetu ya Kamalondo, kwa hiyo mtu asinifundishe haramia anavaa nini. Fulana za mistari tulizikata kwenye kitambaa cha magodoro. Vitambaa vyeusi vya kufunika jicho vilitoka kwenye kanzu kuukuu ya padri. Fuvu la bendera nililishona juu ya gunia la unga, na yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa wa kiume, alitaka liwe na meno mengi. Nikamwambia mfu hana cha kutafuna. Tuligombana siku nzima juu ya meno, na mwishowe akapata meno yake, maana yeye alikuwa kapteni na mimi nilikuwa mshonaji tu.

Kabla ya hapo kikundi chake kilikuwa cha mbeni, zile ngoma za kuvaa kiaskari na kupiga kwata, zenye mfalme wao, daktari wao na makoplo wao. Halafu padri akaonyesha filme ya maharamia kwenye ukuta wa parokia, na juma lililofuata hakuna kijana aliyetaka tena kuwa koplo. Wakaunda mashua ya mbao na mabati juu ya magurudumu ya mkokoteni, wakasimamisha mlingoti wa mwanzi, wakawa wanaisukuma barabarani kila sikukuu. Walikuwa wakali kweli. Walipiga mabati kwa nyundo, walirusha unga machoni mwa watu, walipora karanga za wamama na kuzila papo hapo. Watu walilipenda jambo hilo kupita misa yenyewe.

Kilele cha mchezo kilikuwa mfungwa, na mfungwa alikuwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa Muluba wa kaskazini. Baba yake alitoka upande wa Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi. Sisi ni watu wa mto Luapula. Watu wa pande hizi mbili walikuwa watani tangu siku za kambi, na hapa nieleze vizuri, maana wajukuu zangu wanadhani utani ni kuchekeshana tu. Kambini mtu alikufa mbali na ukoo wake. Nani angemwosha? Wenzake wa kwao walikuwa wanalia. Basi mtani ndiye aliyeosha maiti, akachimba kaburi, akazika, huku anamtukana marehemu: amka wewe mvivu, king'ora cha kazi kimelia. Alivaa kofia ya marehemu na kuzunguka nayo msibani. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuigusa ile maiti, na aliyekasirika kwa matusi alitozwa kuku.

Kwa hiyo mume wangu na yaya yangu walikuwa watani mara mbili, kwa kabila na kwa ushemeji, na walitukanana tangu asubuhi mpaka jioni kwa mapenzi makubwa. Siku ya mchezo mume wangu alijipaka unga wa muhogo usoni, akavaa kofia ndefu ya karatasi ngumu, akajaza mto tumboni: yeye sasa ni tajiri wa meli. Maharamia walimvuta kutoka kwenye kundi la watu, wakamfunga mikono, wakampandisha kwenye mashua. Kapteni alimtukana kuwa Muluba, mchoyo, mwenye kuhesabu maharagwe yakiwa bado chunguni. Naye alijibu kwamba watu wa Luapula wananuka samaki hata baada ya kubatizwa. Halafu kapteni alimpiga upanga wa ubao, na mume wangu akafa.

Jamani, yule mtu alijua kufa. Alianza na magoti, halafu bega, halafu kichwa, na macho yakabaki wazi. Nzi walitembea juu ya mdomo wake, naye kimya. Vikongwe walilia machozi ya kweli. Mimi mwenyewe mara mbili tatu nilishindwa kuvumilia nikaenda kumfinya, na nyumbani nilimgombeza vikali kwa kunitia hofu.

Halafu jimbo letu la Katanga likajitenga na Kongo, na mambo yakaharibika. Huko kaskazini Waluba wengi waliikataa serikali hiyo mpya. Tulisikia vijiji vimechomwa moto na majandarme, yaani askari wa Katanga, tulisikia pia treni zimevamiwa na abiria wamekatwa mapanga, na kila habari iliyofika mjini ilitafuta mtu wa kulipa. Ghafla Muluba wa kaskazini aliyezaliwa palepale Elisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati ule, akawa adui. Jirani yetu fundi viatu alitolewa mezani na vijana wa chama kilichoshika serikali, wakampiga kwa minyororo ya baiskeli mbele ya watoto wake. Tulimkuta kwenye mtaro wa maji machafu, bukari, yaani ugali wake, bado imebanwa kwenye vidole vyake. Mkewe hakulia. Aliokota mawe na kuwafukuza mbwa, basi.

Tangu siku ile niliishi na hofu moja tu: watanichukulia mume wangu. Nilimkataza kupita njia ya soko. Nilimkataza kusema Kiluba hata ndani ya nyumba. Kila gari lilipopunguza mwendo barabarani niliacha cherehani nikaenda kusimama mlangoni.

Serikali ilipotaka kusherehekea mwaka mmoja wa kujitenga, ikaamuru vikundi vyote vya ngoma vipite mbele ya jukwaa la wakubwa kwenye barabara kuu. Vikundi vyote, na maharamia wa Kamalondo wakiwemo. Nilisema waende, lakini mfungwa atafutwe mwingine. Yaya yangu akasema mji mzima unamjua mfungwa wetu. Asipoonekana, swali la kwanza litakuwa yuko wapi. Nikamwambia yaya yangu kwamba akili zake ziliishia kwenye meno ya lile fuvu. Tuligombana mpaka majirani wakafunga madirisha.

Mume wangu ndiye aliyemaliza maneno. Alikuwa anapiga pasi suruali yake, hana hata haraka.

"Kama naikala ku nyumba, batasema Muluba anajificha," alisema. "Lakini kama niko mu mashua, niko mufungwa wa shemeji. Nani atanigusa?"

Na kweli, tangu tulipozaliwa hatukuwahi kuona mtu akigusa mfungwa wa mtani. Ilikuwa sheria ya kambi, yenye nguvu kuliko ya polisi. Yaya yangu aliiamini, mume wangu aliiamini, na mimi niliyepiga kelele nyingi niliiamini nusu, ndiyo maana sikumfungia mlango. Nilikataa tu kumshonea mto wa tumbo. Aliusokomeza mwenyewe, ukakaa upande.

Siku hiyo ilikuwa ya kiangazi, baridi na vumbi jekundu, jua kali bila joto. Walitangulia skauti, ikafuata bendi, wakafuata majandarme na kofia zao za chuma, halafu ngoma. Sisi wanawake tulitembea kando ya mashua. Nyuma ya kamba, pande zote mbili za barabara, walisimama vijana wa chama na minyororo yao shingoni, wengine wameshika mipini ya sururu. Wengi wao niliwafahamu kwa sura. Walikuwa watu wa kwetu, watoto wa Luapula.

Mashua ilipofika karibu na jukwaa, maharamia walimvuta mfungwa, wakamfunga, wakampandisha. Watu walicheka. Yaya yangu akaanza matusi yake, yaleyale ya kila sikukuu: Muluba mchoyo, Muluba mwizi wa kuku, Muluba rudi kwenu. Mume wangu akajibu, watu wakacheka tena. Lakini nyuma ya kamba vijana waliliokota lile neno moja, Muluba, wakaanza kulirudia kwa pamoja, na wao hawakucheka. Yaya yangu akashusha upanga wake. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, na mimi nilikuwa nimeelewa kabla yake.

Jiwe la kwanza lilipiga mlingoti. La pili lilimpata mume wangu mdomoni. Damu ilishuka juu ya ule unga mweupe, na kuna watu waliopiga makofi, wakidhani ni ufundi mpya. Jandarme mmoja akainua kamba, si kwa bahati mbaya, akaiinua vizuri kabisa, na vijana wakapita chini yake. Walimshusha mume wangu kwa miguu. Kichwa chake kiligonga ukingo wa mashua. Mikono ilikuwa imefungwa kweli, maana yaya yangu hakupenda mafundo ya uongo, kwa hiyo hakuweza hata kujikinga uso. Walimpiga kwa minyororo. Mto wa tumbo ukapasuka na pamba ikatawanyika barabarani, wakakanyaga pamba, wakamkanyaga yeye. Mimi nilimrukia wa karibu nikamng'ata sikio mpaka nikaonja chumvi, na mtu akanipiga ngumi ya shingo nikaanguka. Kule jukwaani bendi iliendelea kupiga.

Yaya yangu aliruka kutoka kwenye mashua na upanga wake wa ubao. Sijawahi kusikia sauti ile kwake, kabla wala baada.

"Mumuache! Huyu mufungwa ni wa kwangu. Miye njo nitamumaliza."

Na wakasita. Nasema kweli, wakasita. Walikuwa watoto wa kambi, mama zao waliwafundisha ile sheria pamoja na kusali. Minyororo ikashuka. Lakini akaja sajini wa majandarme, mtu mnene mwenye uso wa furaha, akauliza kuna nini, akaelezwa. Akacheka. Alimnyang'anya yaya yangu upanga wa ubao, akaupima mkononi, akautupa. Akachukua mpini wa sururu kwa kijana mmoja, akampa.

"Basi maliza," alisema. "Tuone."

Yaya yangu aliutazama ule mpini. Mume wangu alikuwa amepiga magoti, jicho moja limefungwa kwa uvimbe, unga na damu vimekuwa tope usoni. Yaya yangu alimpiga begani. Sajini akatikisa kichwa, akasema hivyo ni kupangusa vumbi. Yaya yangu akampiga mgongoni, kwa nguvu zaidi kidogo. Vijana wakaanza kunung'unika, na jandarme mmoja akavuta bunduki yake mbele. Kama angeendelea kumhurumia wangemuua mume wangu wao wenyewe, na pengine na yeye juu yake. Kila mtu pale alilijua hilo. Mume wangu alilijua kuliko wote, na akainua uso, akasema kwa ile sauti yake ya mchezo, ya tajiri wa meli:

"Piga basi, mula mifupa ya samaki. Ata kupiga haujue."

Yaya yangu akampiga kichwani.

Nilisikia mlio wake. Mume wangu akaanguka, magoti kwanza, halafu bega, halafu kichwa, macho wazi. Kifo kilekile. Nilikuwa nimekiona kila sikukuu, na nikawa najiambia ni kilekile, ni kilekile. Sajini alimsukuma kwa ncha ya buti. Yaya yangu alikuwa tayari amepiga magoti, amemlalia kifuani, kisha akasimama na kusema kwa sauti kubwa ili wasikie wote.

"Amesha kufa. Maiti ya Muluba ni ya batani bake. Muntu mwingine hapana kugusa."

Hakuna aliyebisha. Walikwisha kuchoka, na kikundi kingine kilikuwa kinasukuma nyuma yetu. Maharamia wakamwinua, wakamlaza ndani ya mashua, wakageuza njia kwenda kwenye zahanati ya masista, ng'ambo ya reli.

Yaya yangu aliokota ile kofia ndefu iliyokanyagwa, akaivaa, kama mtani anavyopaswa. Akaanza kutukana. Wewe Muluba mzito, umekula nini, amka usukume mashua mwenyewe. Maharamia waliitikia kwa kupiga mabati. Mimi nilimfuata, nikamshika mkono wenye ule mpini ambao bado alikuwa ameushika, nikamng'ata kwa nguvu zangu zote. Hakuuvuta. Aliinama tu sikioni pangu.

"Lia, mwana wa mama. Lia sana. Iko muzima. Nilisikia pumuzi yake."

Basi nililia. Nililia kilio ambacho kingeweza kumpumbaza hata Mungu, na ndani ya kilio kile nilikuwa na furaha kubwa, naisema bila aibu. Nilimtazama amelala kwenye mbao, macho wazi, nzi juu ya mdomo, na nikawaza nitakavyomgombeza nyumbani. Nilipanga maneno. Nilipanga hata maji ya kumkandia uso.

Kwenye kivuko cha reli palikuwa na kizuizi: mapipa, majandarme wawili, na askari Mzungu mmoja wa kukodiwa aliyekaa kivulini anakunywa bia. Wakauliza tunabeba nini. Yaya yangu akatoa maelezo yote ya utani, anacheka, kofia imekaa upande. Jandarme mmoja alikuwa mtu wa mbali, hakuijua sheria yetu. Alisema Waluba wana ujanja mwingi. Akachomoa singe, kile kisu cha mdomo wa bunduki, akakifunga kwenye bunduki, akapanda gurudumu, na akamchoma mume wangu pajani.

Mume wangu hakutikisika. Hakukunja hata kidole cha mguu. Singe iliingia ikatoka, na uso wake ukabaki vilevile, macho kwenye anga. Nilijisikia fahari isiyo na kifani. Nilimsifu moyoni: fundi wangu, hakuna wa kufa kama wewe. Jandarme alishuka akapangusa singe kwenye bendera yetu ya fuvu na kutupungia tupite. Tulipita tunapiga mabati kwa nguvu zaidi.

Geti la masista lilifungwa nyuma yetu. Maharamia wakaacha kelele, wakapandisha vile vitambaa vya macho kwenye paji la uso, wengine wakaanza kucheka kwa kuishiwa nguvu. Yaya yangu alivua kofia, akainama juu ya mashua.

"Shemeji, lamuka. Tumeshafika."

Alimtikisa bega. Akamwambia king'ora kimelia. Akamwambia kwamba dada yake, yaani mimi, amekwisha kuolewa tena na Mgiriki wa duka la chumvi, na hilo ndilo tusi ambalo mume wangu hakuwahi kuliacha bila jibu. Tulisubiri jibu. Nilikwenda nikamfinya kama nilivyozoea, kwenye ubavu, nikamfinya tena. Sista alikuja anapangusa mikono kwenye aproni, akaweka vidole vyake shingoni mwa mume wangu, akaviacha hapo muda. Halafu akamfumba macho.

Sikumbuki nilisema nini. Wananiambia nilipasua mashua kwa mikono yangu na kwamba walinitoa misumari viganjani.

Masista walitoa chumba cha nyuma, beseni na maji ya moto. Kazi ya kuosha ilikuwa ya mtani, na mtani alikuwa yaya yangu, peke yake. Mke haruhusiwi kuingia. Nje ya mlango walisimama maharamia na fulana zao za magodoro, wanishauri nisiingie, lakini waliponitazama usoni wakasogea. Niliingia.

Yaya yangu alikuwa ameshaondoa unga wote. Sasa alikuwa mume wangu tena, si tajiri wa meli. Yaya yangu alikuwa anamgeuza kichwa ili aoshe upande wa pili, na nikaona nyuma ya sikio. Mfupa ulikuwa umeingia ndani. Ngozi pale ilikuwa laini, imekuwa nyeusi, na damu iliyokauka ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kola. Halafu nikatazama pajani. Tundu la singe lilikuwa dogo, kwenye nyama tu, na lilikuwa kavu. Halikuwa limetoa damu hata kidogo. Mimi nimechinja mbuzi tangu nikiwa msichana, najua nyama inayotoa damu na isiyotoa. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa kabla ya kufika kwenye reli.

Yaya yangu aliniona ninavyotazama. Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Mimi ni mtu wa mdomo, sijawahi kuacha neno likae tumboni, na maneno yote yalikuwa hapo tayari: muuaji, mjinga, wewe na mashua yako, wewe na meno yako. Nilimtazama yule mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Alama ya meno yangu ilikuwa bado inatoka damu kwenye mkono wake.

"Ni singe njo ilimuua, Yaya," nilisema.

Alitazama paja, akanitazama mimi.

"Ndiyo," alisema. "Ni singe."

Halafu akakamua kitambaa, akarudi kuosha nyuma ya sikio, polepole, asimwumize.